"Voiceless" maana yake sio bubu: maneno ya Kiingereza yanayotuvuruga kwenye fonetiki

Mara ya kwanza nakutana na neno "voiceless" kwenye noti za fonetiki nilikaa nalitazama kama dakika nzima. Mi najua "voice" ni sauti, "less" ni bila, kwa hiyo noti zinaniambia s, f na k hazina sauti. Afu hapo hapo natamka "sss" naisikia vizuri tu, nyoka mzima huyu hapa. Sasa haina sauti kivipi?

Kumbe shida haikuwa s wala masikio yangu, shida ni kwamba neno nililokuwa nalijua sio lile lililoandikwa pale. Na sio mimi peke yangu. Siku hizi klipu za kufundisha matamshi ya Kiingereza ziko kila kona, huyu anakwambia "long vowel", yule anasema "hard c", mwingine anakataza watu "kudondosha g", mwingine anauza kozi ya kuondoa "accent", na watu wanabishana mpaka usiku wa manane wakati ukiangalia vizuri unakuta kila mmoja ana maana yake kichwani.

Tuanze na fonetiki yenyewe. Ni taaluma ya sauti za lugha, yaani zinavyotengenezwa kooni na mdomoni, zinavyosafiri hewani na zinavyopokelewa na sikio. Basi. Herufi hazimo. Herufi ni nguo tu iliyovalishwa sauti, na Kiingereza ndo lugha inayovaa mpaka nguo za marehemu, ile k ya "knife" zamani ilikuwa inatamkwa kabisa, ikafa karne kama ya 17, nguo imebaki inaning'inia pale mbele mpaka leo. Watu wanaiita "silent letter", herufi iliyo kimya, wakati hakuna herufi isiyo kimya duniani, zote ni wino.

Sasa wanafonetiki wa Kiingereza walipotaka majina ya kazi zao, mengi hawakuyaunda upya, waliyaokota mtaani: voice, stop, stress, tone, high, low, open, close. Ni kama kwenye mpira mtu akisema kona, hakuna anayetafuta ukuta wa chumba, kila mtu anajua mpira umetoka wapi. Tofauti ni kwamba kwenye mpira tunaona uwanja. Kwenye fonetiki uwanja uko ndani ya mdomo, hauonekani, kwa hiyo ukisikia neno la kawaida unalipa maana ya kawaida na unaendelea na safari ukiwa umeshapotea.

Turudi kwa huyo "voice". Mtaani ni sauti ya mtu, ile unayoitambua kwenye simu hata asipojitaja. Kwenye fonetiki ni kitu kidogo sana: mtetemo wa nyuzi sauti, zile kunjo mbili ndani ya koo, pale mbele panapopanda na kushuka ukimeza. Hebu weka vidole hapo useme "zzzz", utasikia kama nyuki amenasa. Bila kutoa vidole badilisha useme "ssss". Nyuki kaondoka. Ulimi haujahama, midomo haijahama, kilichozimika ni mtetemo tu. Hiyo z ni "voiced", sisi tunaiita ghuna, na hiyo s ni "voiceless", sighuna au wengine husema hafifu. Sauti ipo kote kote. Fanya hivyo hivyo na v na f, halafu dh ya dhahabu na th ya thelathini, utakuta ni mapacha, mmoja ana injini imewashwa na mwenzake injini imezimwa. Na hapo kwenye dh na th Kiswahili kimemzidi mwenzake kwa nguo, maana Kiingereza kinawavalisha mapacha wote wawili "th" ile ile, "this" na "thin", ujue mwenyewe.

Hii sio elimu ya kujifurahisha tu. Kwenye wingi wa Kiingereza ile s ya mwisho kwenye "cats" ni s kweli, lakini kwenye "dogs" inatamkwa z, kwa sababu g ni ghuna na injini ikishawashwa inaendelea kunguruma mpaka mwisho. Nani aliwahi kuambiwa hiyo shuleni? Tuliambiwa tu ongeza s. Na ukitaka kujua mtu anafanya nini anaponong'ona, jibu ni kwamba amezima injini yote, nyuzi sauti hazitetemi kabisa, ndo maana kwenye mnong'ono z na s ni ngumu kuzitenganisha.

Kingine cha kuchekesha, "voice" ya sarufi, ile ya "active" na "passive", haina undugu wowote na huyu wa kooni. Kiswahili hapo kilifanya la maana, huku ghuna, kule kauli, na ile ya simu ni sauti. Maneno matatu kwa kazi tatu, Mwingereza ana moja tu.

"Stop" nayo inafanana na kituo cha basi, na kwa kweli haiko mbali sana. Ni sauti ambayo hewa inazuiwa kabisa mdomoni halafu inaachiwa: p, b, t, d, k, g. Ninachokipenda hapa ni kwamba jina la Kiingereza limeangalia mwanzo wa tukio, pale hewa inapozuiwa, na jina letu la vipasuo limeangalia mwisho, pale inapopasuka. Wao pia wana "plosive" inayoangalia mwisho kama sisi. Unaweza kudhani ni kitu kimoja, lakini chukua neno "map" kama wanavyolisema Waingereza wengi wakiwa wanaongea haraka: midomo inafunga na haifunguki tena, hakuna mpasuko wowote. Hapo "stop" bado inakaa sawa na kipasuo kinabaki kinajitetea.

Ukishaelewa kuzuia hewa, njoo puani, maana hapa ndo pana mkanganyiko ninaoupenda kuliko yote. Mtu akiwa na mafua makali watu wanasema anaongea kwa pua, Kiingereza wanasema ana sauti "nasal". Kwa fonetiki ni kinyume chake kabisa! Sauti ya nazali ni ile ambayo mdomo umefungwa sehemu fulani na hewa inapita puani. Tunazo nne, m, n, ny na ng'. Kule nyuma ya mdomo kuna kaakaa laini, linafanya kazi kama mlango, likishuka njia ya puani inafunguka, likipanda inafungwa. Anza kusema "mmmm" halafu bana pua ghafla, utaona inakatika, hakuna pa kutokea. Sasa mwenye mafua pua yake imeziba, hewa haipiti, kwa hiyo hana unazali wa kutosha, amepungukiwa. Muulize aseme "mama" uone, utasikia kitu kinachokaribia "baba", kwa sababu m ukiinyima pua inageuka b. Midomo ni ile ile na injini ya kooni ni ile ile, kilichokosekana ni pua tu. Kwa hiyo mtoto mwenye mafua akimwita mama yake anajikuta anaita mzazi wa pili.

Yule anayeongea kwa pua kweli kweli, king'ong'o, yeye ndo mwenye mlango usiofunga vizuri, hewa inavuja puani hata kwenye sauti zisizohitaji pua. Neno king'ong'o lenyewe limejaa ng' mbili, waliolitunga walikuwa na masikio.

Na tukiwa hapo hapo kwenye ng', tumalizane na hili la "kudondosha g". Waingereza wenyewe wanalalamikiana, eti fulani anasema "singin'" badala ya "singing", anadondosha g. Msomaji wa Kiswahili ndo yuko kwenye nafasi nzuri kuliko Mwingereza kuelewa hii kesi. Sema ng'ombe. Sema ngoma. Umesikia tofauti? Kwenye ngoma kuna g inayopasuka, kwenye ng'ombe hakuna, ni sauti moja tu inayotoka puani huku ulimi umebanwa nyuma. Sasa ile "ng" ya mwisho wa "singing" kwa wengi ni ya ng'ombe, sio ya ngoma. G haikuwemo tangu mwanzo, sasa inadondoshwa vipi? Anachofanya huyo mtu ni kubadilisha ng' kwa n, ameusogeza ulimi kutoka nyuma kuja mbele kwenye ufizi, yaani kabadilisha sauti moja kwa nyingine. G imeonekana na macho kwenye karatasi, mdomo haujawahi kuiona. Na sio tabia ya watu wasiosoma kama inavyodhaniwa, kuna wakati hata matajiri wa Uingereza wenye mashamba na farasi walikuwa wanasema "huntin'" na "shootin'" na hakuna aliyewasahihisha. Ukitaka g ya kweli iko kwenye "finger", ile ni ya ngoma kabisa, na "singer" ni ya ng'ombe, ingawa kwa maandishi wanafanana kama mtu na ndugu yake.

Nimesema macho makusudi, kwa sababu nusu ya fujo hii inatokana na maneno yanayozungumzia herufi lakini yamejifanya yanazungumzia sauti. "Hard c" na "soft c" ni mfano. C ya "cat" wanaiita ngumu, ya "city" wanaiita laini. Ukigusa k haina ugumu wowote, wala s sio laini, ni sauti mbili tofauti zilizovaa nguo moja. Sababu iko kwenye Kilatini cha zamani, c yao ilikuwa k popote pale, halafu kadiri muda ulivyokwenda ile k ikikaa mbele ya e au i ikavutwa kwenda mbele ya mdomo, ikabadilika, na kwenye Kifaransa ikaishia kuwa s, Kiingereza kikaipokea ikiwa hivyo. Kwa fonetiki ugumu na ulaini wa namna hiyo haupo.

Lakini baba lao ni "long vowel" na "short vowel". Hapa naomba tukae kidogo.

Kwa fonetiki urefu ni muda. Unashika saa, unapima. Sisi tunaijua bila kufundishwa, "kaa" ina a iliyovutwa na "ka" haina, ulimi umekaa pale pale, muda tu ndo umeongezeka. Sasa mwalimu wa Kiingereza anakwambia "bit" ina i fupi na "bite" ina i ndefu. Tamka hizo mbili. Ile ya "bite" sio i iliyovutwa hata kidogo, ni a inayoteleza kwenda i, irabu mbili zimeungana. Urefu uko wapi?

Upo, ila ulikuwepo miaka 600 iliyopita. Enzi hizo "bite" ilikuwa na i ndefu kweli, kama vile sisi tungeandika "biite" na e ya mwisho inasikika, na "name" ilikuwa karibu na "naame". Halafu kati ya kama mwaka 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zikahama zote, kila moja ikapanda ngazi mdomoni, na zile ambazo tayari zilikuwa juu kabisa hazikuwa na pa kupanda zikavunjika kuwa mbili. Kwa bahati mbaya uchapaji ulishafika Uingereza mwaka 1476 na tahajia zikaanza kuganda wakati sauti bado ziko njiani. Kwa hiyo mwalimu anapokwambia "long i" anakupa jina la babu wa sauti hiyo. Sio muongo, amechelewa tu karne kadhaa.

Ubaya wake unaonekana kwenye mazoezi. Wengi wetu "ship" na "sheep" tunazitamka sawa, tunaambiwa ya pili ivute, basi mtu anavuta mpaka anaishiwa pumzi na bado Mwingereza anasikia kitu cha ajabu. Tofauti kubwa ya hizo mbili iko kwenye ulimi, kwenye "sheep" uko juu na mbele zaidi kama i yetu, kwenye "ship" umeshuka kidogo na umelegea, uko mahali fulani kati ya i na e ya kwetu. Muda unasaidia lakini sio wenye kazi. Tena ukipima, irabu ya "bid" ambayo wanaiita fupi inaweza kuchukua muda sawa na ya "beat" wanayoiita ndefu, kwa sababu Kiingereza kinavuta irabu ikifuatwa na konsonanti ghuna kama d na kinaibana ikifuatwa na sighuna kama t. Kwa hiyo nafasi ya ulimi kwanza, saa baadaye.

Na ukisikia "high vowel" usipandishe sauti. Juu hapo ni ulimi, i na u ulimi uko juu, a ulimi uko chini na mdomo umefunguka, ndo maana daktari akitaka kuona koo lako anakwambia sema "aaa", hajawahi kukwambia sema "iii" kwa sababu asingeona kitu zaidi ya ulimi. Mwimbaji anaweza kuimba irabu ya chini kwa sauti ya juu kabisa na hakuna mgongano wowote.

"Aspiration" ni nyingine. Kamusi ya kawaida inakwambia ni matarajio, ndoto za maisha. Hospitali ikisema hivyo inaweza kumaanisha kitu kimeingia njia ya hewa. Kwenye fonetiki ni mpumuo, kale kaupepo kanakotoka baada ya p, t au k. Zote zimetoka kwenye Kilatini, kupuliza pumzi. Chukua kipande cha karatasi nyepesi ukishike mbele ya mdomo umuombe mtu anayeongea Kiingereza cha kuzaliwa aseme "pin" halafu "spin". Kwenye "pin" karatasi inaruka, kwenye "spin" imetulia. Yeye mwenyewe atakushangaa, hajui kama anafanya hivyo. Wewe ukisema "pin" bila huo upepo yeye anaweza kusikia "bin", na hapo mtaanza kulaumiana bure. Na sio kwamba Kiswahili hakina, kuna wazungumzaji, hasa wa lahaja za pwani, wanaotofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa mpumuo peke yake, mnyama ndo mwenye upepo. Maandishi yetu hayaonyeshi.

"Stress" sidhani kama inahitaji maelezo mengi, kila mtu ana stresi zake. Kwenye fonetiki ni mkazo, silabi moja kutamkwa kwa nguvu zaidi ya wenzake, mara nyingi inakuwa ndefu kidogo na inapanda juu. Kiswahili kinaweka silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, ila ukisema "barabara" kwa kukaza ile ba ya pili kutoka mwisho umetaja njia ya magari, ukikaza ile ra ya kwanza umesema sawasawa, vizuri kabisa. Kiingereza ndo kinahamisha kila saa, "record" ikikazwa mwanzo ni kumbukumbu, ikikazwa mwisho ni kitendo cha kurekodi. Vitabu vyetu vingi vinaita hii shadda, na mtu aliyesoma Kiarabu hapo anapata stresi ya aina ya kwanza, maana shadda anayoijua yeye ni alama ya kurudufisha konsonanti. Yaani hata sisi tuliokota neno kwa jirani tukalipa kazi nyingine, tusiwacheke Waingereza sana.

"Tone" je? Ukiambiwa "sijapenda tone yako" maana yake umejibu kwa jeuri. Kwa wanafonetiki toni ni kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha neno lenyewe. Kichina cha Mandarin kina toni nne, "ma" ile ile inaweza kuwa mama, katani, farasi au kukaripia kutegemea umeipandishaje. Lugha nyingi za Kibantu zina toni pia, Kiswahili iliwapotea njiani. Tulichobaki nacho ni kiimbo, ndo kinachotenganisha "amefika" ya kutoa taarifa na "amefika?" ya kuuliza, neno halijabadilika, ni sentensi imebadilika kazi.

Na "accent" ndo inayotoa watu pesa mfukoni. Mtaani ni kitu walichonacho wengine: yule ana accent, mimi naongea kawaida. Kwa fonetiki ni lafudhi, namna yoyote ya kutamka lugha, na haiwezekani kufungua mdomo bila kuwa nayo kama ambavyo huwezi kuandika kwa mkono bila kuwa na mwandiko. Mtangazaji wa habari kutoka London anayo. Mtu anayekuuzia kozi ya kuiondoa anakuuzia nyingine, na kama unaitaka hiyo nyingine kwa ajili ya kazi sawa, nunua, ila ujue umebadilisha nguo, hujabaki mtupu. Neno hilo hilo pia linaitwa kwa ile alama juu ya é, na wakati mwingine kwa mkazo, kwa hiyo ukilikuta kwenye maandishi angalia kwanza majirani zake.

Nimebakiza "phonetic" yenyewe. Mara ngapi umesikia kwamba Kiswahili ni lugha ya kifonetiki na Kiingereza sio? Kwa maana ya kitaaluma kila lugha inayosemwa ina fonetiki, haikwepeki. Anachotaka kusema mtu huyo ni kwamba tahajia ya Kiswahili inafuata matamshi kwa karibu, unasoma kilichoandikwa, na hilo ni kweli kwa sehemu kubwa, japo paa wawili na barabara mbili tumeshawaona hapo juu. Kuna na ile "phonetic alphabet" ya marubani, Alfa, Bravo, Charlie, iliyoanza kutumika rasmi kwenye usafiri wa anga mwaka 1956. Ile haionyeshi matamshi ya kitu chochote, inasaidia tu kutaja herufi ili b isisikike kama d redioni. Alfabeti ya kifonetiki ya kweli ni ile ya Chama cha Kimataifa cha Fonetiki kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, kila sauti alama yake, na humo ukikuta j usiisome kama j ya jambo. Ni y ya yai. Alama ya y nayo ipo, lakini imepewa irabu ya Kifaransa ya kwenye "tu": weka ulimi kama unasema i, halafu viringisha midomo kama unasema u.